Sinema Iliyomsimamisha Bibi

Juzi binti wa kaka yangu alikuwa amejilaza mkekani na simu yake, anatazama vijana wawili wapenzi wanaendesha gari. Nikamuuliza, "Wanakwenda wapi hao?" Akasema, "Shangazi, hata mimi sijaelewa." Basi mawazo yakanirudisha kijijini kwetu Kwihara.

Kwihara yetu ya wakati ule, Jumapili baada ya ibada ilikuwa ya kula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga na kutazama video kwa jirani. Ndiye pekee aliyekuwa na televisheni. Madirisha aliyaziba kwa magunia ya tumbaku, jenereta inanguruma uani, moshi wake wote unaingia ndani. Aliyetutafsiria ni mwalimu wa shule. Watu husema alikuwa akibuni tu. Mimi siwezi kumhukumu, darasa la saba langu halinipi haki hiyo.

Jumapili hiyo mama mdogo, mdogo wake mama, alikuwa na siri, na mimi niliijua kwa sababu tulilala kitanda kimoja. Alipendana na utingo wa lori la mpunga la Igunga. Bibi alikuwa amekataa hata kumsikia, kwani hakuna mshenga aliyebisha hodi. Nguo zilikuwa zimeshafungwa kwenye kanga chini ya kitanda. Lori lingeondoka Jumatatu asubuhi, naye ndani yake. "Ukisema nitakufinya mpaka ulie Kinyamwezi," aliniambia.

Sinema yenyewe sijui niieleze vipi. Kijana na msichana wako ndani ya gari, na kiti cha nyuma amekaa ng'ombe. Barabara inapita katikati ya sebule ya watu, wenyewe wanaendelea kunywa chai. Mvua ikanyesha viatu.

"Hao ni nani wao kwa wao?" bibi akauliza.

"Wachumba, mama," mwalimu akajibu.

"Mahari imetolewa?"

"Sinema haijafika hapo, mama."

Watu wakacheka. Mtu wa nyuma akadakia, "Mwalimu, na huyo ng'ombe ndiyo mahari yenyewe?" Hapo hata mwalimu alishindwa kujizuia.

Kisha akatokea mama mmoja mzee, amesimama kando ya barabara mbele ya nyumba isiyo na paa. Gari likampita. Mbele kidogo, ni yeye tena, na nyumba ni ile ile. Likampita. Akatokea tena. Kila mara anainua mkono, na wale vijana wanacheka na mambo yao.

Bibi akasimama. "Nyie watoto! Simameni, mama yenu huyo!"

Mwalimu akamwambia kwa upole, "Mama, haijasemwa kuwa ni mama yao."

"Mtu hangojei njiani watoto wasio wake," bibi akajibu, akabaki amesimama.

Mama mdogo akainuka, akatoka nje.

Nilijua ndiyo amemfuata utingo wake. Nilitazama sinema mpaka mwisho bila kuona kitu. Lakini jioni, bibi akisonga ugali, mama mdogo alitokea uani na yule utingo nyuma yake, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

Bibi aligeuza ugali, akaugeuza tena. Halafu akasema, "Marahaba. Haya, kaa basi, mlenda umeshaiva." Mshenga alikuja baada ya mavuno, na mama mdogo aliondoka mchana kweupe, tukimshangilia.

Mwaka jana nilimuuliza kama ni sinema iliyomrudisha. Akacheka. "Moshi wa jenereta ulinikaba, nikatoka kukohoa, nikamkuta mwenzangu, nikaona aibu tu ya kutoroka." Pengine ni hivyo. Sitaki kumpa bibi sifa asiyostahili.

Bibi hayupo tena, mwalimu hayupo, na siku hizi kila mtu anatazama yake, visikilizio masikioni, hakuna wa kumuuliza. Mwanangu wa kwanza wa kiume alipoondoka nyumbani, nilipata habari kwa ujumbe wa simu, ameshavuka Igunga, na hakuwa peke yake, yuko na binti wa watu. Niliandika "safari njema", nikafuta, nikaandika tena vile vile. Bibi angepiga kelele wasimame.