Ukuta Uliofungwa kwa Waya

Watu husema kisasi humla anayekibeba. Mimi nilikibeba na kikaninenepesha. Nasema hivi mapema ili mtu asije akasoma mpaka chini akingoja nitubu.

Tuliishi Mashimoni, Kibera, mimi na mama yangu, katika chumba cha mwisho cha ploti. Chumba cha mwisho ni mkosi. Wapangaji wa katikati wanakingana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, lakini wa mwisho ubavu wake mmoja ni wa upepo na mvua. Ukuta wetu ulikuwa wa fito na udongo, na ulikandikwa kabla sijafika mjini. Januari jua liliupasua hata ukaweza kutia kidole kwenye nyufa. Aprili mvua ikaingia humo humo, udongo ukavimba na kudondoka vipande vipande, kingine kikaangukia ndani ya sufuria ya mboga. Julai, ile baridi ya Nairobi inayokaa na mawingu wiki nzima bila kunyesha, ukuta ulitutolea unyevu wote uliokuwa umeuhifadhi.

Mama alikuwa ameletwa kwangu kutoka magharibi kwa sababu ya kifua. Alikuwa akikohoa mpaka anashika ukingo wa kitanda. Daktari wa kliniki alimpima, akaniita pembeni na kuniambia dawa peke yake haitatosha. Huyu mama alale pakavu, penye hewa, la sivyo msimu mwingine wa baridi hautamwacha. Nilitoka pale nikicheka kwa hasira. Pakavu penye hewa, Mashimoni, jiko la makaa likiwa chumba kimoja na kitanda.

Mwenye ploti alikuwa mtu wa Kawangware. Huko alikuwa na nyumba ya mawe na bustani ndogo ya sukuma wiki, na Kibera alikuja mwisho wa mwezi tu. Nilimwomba akandike ukuta upya. Akauangalia, akaugusa kwa ncha ya kiatu.

"Chifu hataki kuona mtu akijenga," akasema. "Na kama inanyesha, nifanye nini? Nishike mvua?"

Kuhusu chifu hakudanganya. Siku zile hukuweza kubadilisha ukuta bila ruhusa, na askari wa chifu walikuwa wakisikia nyundo kabla ya mwenye nyundo. Kwa hiyo watu wa Kibera walikuwa na njia yao, na mimi nilifundishwa na fundi mmoja wa Laini Saba, aliyekuwa akipasua mapipa ya mafuta karibu na reli na kuyanyoosha kuwa mabati. Unajenga ndani. Ukuta wa zamani unauacha umesimama nje kama pazia, na ule mpya unausimamisha nyuma yake, chumbani. Mashimo yote ya mabati unayatoboa huko kwenye karakana za jua kali kando ya reli, ambako kelele ni kazi ya kila mtu. Nyumbani unakuja na mabati yaliyotobolewa, koleo na waya, unayafunga kwenye nguzo zile zile za zamani, moja baada ya nyingine, kimya, kama mtu anayeshona gunia. Hupigi msumari hata mmoja.

Mabati hayo niliyapata polepole, leo moja, mwezi ujao jingine. Dirisha nililipata kwa bahati. Nilikuwa nikifua nguo katika nyumba moja Ayany, na wenyewe wakaamua kuweka madirisha mapana. Yale ya zamani yalitupwa nyuma, karibu na kamba za nguo. Nikaomba moja, la chuma, lenye vioo vinne na kimoja kina ufa. Nililibeba kichwani mpaka nyumbani, na njia nzima watu wakiniuliza nahamia wapi.

Tuliweka dirisha pale palipokuwa na kitundu cha kutolea moshi, na kwa nje tukaacha kile kifuniko cha mbao kilichokuwepo. Mtu aliyepita aliona ukuta wa udongo na ubao uliooza. Ndani kulikuwa na mabati, na juu ya mabati nilibandika maboksi yaliyokunjuliwa ili yasitutolee jasho alfajiri. Kuta mbili zikawa zinasaidiana. Jua lilipowaka, udongo ulilibeba, na mvua iliponyesha, mabati yaliizuia. Asubuhi nilikuwa nikifungua kioo, nasukuma ubao, moshi unatoka na hewa inaingia. Julai ile mama alilala. Niliamka mara kadhaa kumsikiliza, kwa sababu nilikuwa nimezoea kikohozi na kimya kilinitia hofu.

Kisha mtu akatuchongea. Sikumjua ni nani na leo sitaki kumjua, maana hasira yangu ina mwenyewe. Askari wa chifu alikuja mwisho wa mwezi, mwenye ploti akiwa papo hapo uani akiwazungukia wapangaji wake. Askari akauliza nani anajenga bila ruhusa. Nilisimama mlangoni. Mwenye ploti alijua kwamba ukipatikana ukuta mpya, wa kwanza kuulizwa ni mwenye ploti.

"Ukuta mpya gani?" akasema kwa sauti ya kusikika na ploti nzima. "Hapa hakuna mtu amejenga. Hii ni matope tu, ile ya zamani. Angalia mwenyewe. Naapa na watoto wangu, hapa hakuna ukuta ingine."

Askari akaangalia udongo, akaukwaruza kwa kucha, akaenda zake. Nilimshukuru mwenye ploti kutoka moyoni. Nikamkaribisha chai, ujinga wangu huo, akaingia ndani kwa mara ya kwanza tangu tujenge.

Ukiona vyaelea jua vimeundwa, lakini yule bwana aliona vyaelea akajua ni vyake. Aligonga mabati kwa vifundo vya vidole. Akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Akamuuliza mama anaendeleaje, mama akamwambia anashukuru Mungu, sasa anapumua. Akanywa vikombe viwili na kusifu sukari.

Mvua za masika zilipoanza alirudi na kunikuta nikianika nguo za watu chini ya paa.

"Hiyo nyumba naitaka," akasema. "Kijana wa sister yangu anaoa. Mwisho wa mwezi uwe umetoka."

Nikamwambia, landlord, huu ukuta nimeuweka mimi. Akasema nyumba ni yake. Nikamwomba basi angoje mvua na baridi zipite, kwa sababu ya mama, anaijua hali yake. Akatazama ndani, mama alikuwa ameketi dirishani akichambua mchicha.

"Kwani huyu mathe hana kwao?"

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali labda ningesahau. Alisema kama mtu anayeuliza kama chumvi ipo, na mama akasikia, akaendelea kuchambua mchicha. Nilimjibu vizuri sana, nikamwambia hakuna shida, mwisho wa mwezi atapata ufunguo wake. Dawa ya moto ni moto, lakini moto mzuri unauwasha taratibu.

Siku ya kuhama ilikuwa Jumapili, naye yuko kanisani kwao Kawangware. Fundi wa Laini Saba alikuja na koleo. Kilichofungwa kwa waya hufunguliwa kwa koleo, bila nyundo na bila jirani kugeuza shingo. Tulitoa maboksi, tukatoa mabati, tukatoa dirisha na vioo vyake. Nguzo na fito tulimwachia, zilikuwa zake. Ule udongo wa nje kwa miezi yote ile ulikuwa umeegemea mabati yangu kama mlevi aliyeegemea rafiki. Tulipoyatoa, ukabaki umesimama kwa mazoea tu. Nikafagia, maana mama hakuniruhusu kuacha nyumba ya mtu ikiwa chafu. Nikafunga mlango kwa kufuli lake na kumwachia jirani ufunguo.

Bwana harusi alileta kitanda na kabati la vyombo jioni ya siku iliyofuata. Aliona ukuta wa udongo akalalamika kidogo, lakini mjomba alikuwa amekwisha kumsifia nyumba na harusi imekaribia. Katikati ya wiki mvua ikanyesha tangu adhuhuri. Majirani waliniambia ukuta haukuanguka kwa kishindo. Uliteleza, ukakaa chini kama mwanamke aliyechoka, upande wa nje, na kitanda kikabaki kinatazama njia. Hakuna aliyeumia. Watoto wa ploti walikuja kuona kitanda kimeketi hadharani na mashuka yake.

Mwenye ploti alinishtaki kwa wazee wa kijiji. Nikaitwa. Tulikaa karibu na kioski cha maji, wenye mitungi wakajifanya foleni haisongi ili wasikilize. Akasema mimi ni mwizi, nimeiba ukuta.

Mzee mmoja akanigeukia, niseme.

"Nimuulize kitu kimoja tu," nikasema. "Landlord, ni ukuta gani nimeiba? Waambie wazee vile huo ukuta ulikuwa unaonekana."

Yule askari wa chifu alikuwa amesimama pale pale, amekunja mikono, na naye sasa alitaka kusikia. Mpangaji mmoja wa ploti akakohoa, mwingine akasema kwa upole kwamba wao wote walimsikia landlord akiapa na watoto wake kwamba ukuta mwingine haupo. Mwenye ploti akaangalia viatu vyake. Akasema labda amekosea, labda ni mvua. Wazee wakakubali kwamba mvua ya mwaka huo ilikuwa mbaya. Furaha niliyoipata siku ile sijawahi kuipata harusini, na nimekwenda harusi nyingi.

Nilidhani hapo tumemaliza. Tulikuwa tumejibanza kwa yule fundi, sisi na mabati yetu, nikamuuliza mama twende tukapange wapi, Laini Saba au tutafute karibu na Ayany. Mama yangu alikuwa mtu wa sala, asiyeinua sauti hata kwa kuku. Alisema anataka Kawangware. Nilifikiri ni kwa sababu ya soko, au kanisa la watu wa kwetu. Alikataa chumba cha kwanza, kizuri tu, na cha pili pia. Alipoona cha tatu, kilicho ukingoni mwa njia ya vumbi, akasema hiki hiki. Mwenye chumba hicho hakuwa na neno, akaturuhusu kufunga mabati yetu na dirisha letu, na mama akachagua mwenyewe upande wa kuliweka. Aliliweka lielekee njia.

Asubuhi ya kwanza nilikuwa nawasha jiko nikamsikia akisalimia mtu kwa sauti safi, isiyokwaruza.

"Umeamkaje, landlord? Mimi nimelala vizuri. Napumua vizuri kabisa."

Nikainuka kuchungulia. Alikuwa yeye, na koti lake la kwenda mjini, ameganda katikati ya njia. Mama alimpungia mkono nyuma ya kioo chenye ufa. Kumbe nyumba yake ya mawe ilikuwa juu kidogo ya hapo, na kituo cha basi kilikuwa chini, na njia ni hiyo. Mama alikuwa ameuliza watu haya yote kabla hatujahama. Basi ikawa kila asubuhi, mvua au vumbi, baridi au jua, dirisha linafunguliwa, anaulizwa habari ya watoto alioapa nao, habari ya kijana wa dada yake, na kuambiwa kwamba mathe bado hajaenda kwao. Watu wa njiani walijua kisa chote. Hakuwa na namna ya kukasirika, kwa sababu alikuwa anasalimiwa.

Alivumilia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha asubuhi moja mama akafungua dirisha, akangoja, chai ikapoa mkononi. Siku iliyofuata pia. Mtoto wa jirani akatuambia yule mzee siku hizi anazungukia kule nyuma, kwenye uchochoro wa machinjio, kwenye matope na mbwa.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia mama, umemshinda, amekuachia njia. Mama hakucheka. Alifunga dirisha polepole, akapangusa ukingo wake kwa pindo la leso, akaniangalia.

"Huko anakopitia siku hizi," akasema, "hakuna chumba cha kupanga?"

Nilitoa koleo chini ya kitanda, nikaenda kuulizia.