Dubu Chini ya Chokaa

Kijijini kwetu Montefosco, juu kilimani, watawala walibadilishwa kama shuka za nyumba ya wageni, ila shuka hufuliwa kwanza. Kila aliyeingia alitaka nembo yake ichorwe juu ya lango kabla hata hajashuka farasini. Kazi hiyo ilikuwa ya Accorso, fundi chokaa. Alichora dubu, akamfuta, akachora mwewe, akamfuta, akamrudisha dubu. Mara tano. Alichovuna ni vidole vilivyobabuka na nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga kwa mikono yake, jiwe juu ya jiwe.

Bwana wa mwewe aliporudi, Accorso alikuwa na miaka sitini na magoti yamekwisha. Hakumkwangua dubu; akampaka tabaka moja tu la chokaa, jepesi, akamchora mwewe juu yake. Mkewe, Bellafiore, akashangaa kumwona nyumbani mapema.

"Dubu atarudi tu, mama Nuta. Nimkwangue ya nini, halafu nije nimchore upya kwa magoti haya?"

"Na akirudi kabla hajaitwa?"

Accorso akacheka, akaomba supu ya dengu.

Novemba mvua ilinyesha siku kumi na moja. Siku ya soko tukaona masikio mawili yamechomoza nyuma ya mwewe, kisha pua, kisha meno. Tulicheka hadi mbavu zikauma, tukisema mwewe kaota masikio. Kicheko chetu ndicho kilichomtoa nje mkuu wa ngome, aliyewekwa na bwana wa mwewe, kutazama.

Adhabu ya msaliti ilijulikana: nyumba yake hubomolewa. Accorso akapiga magoti, hayo hayo mabovu, akaapa kwamba ni uvivu tu.

"Mvivu hafikirii ya kesho, mzee," mkuu wa ngome akamwambia. "Wewe ulishamwekea dubu nafasi."

Kila kaya ilitoa mtu mmoja na nyundo. Kwetu nilikwenda mimi. Mawe yake tukazibia ufa wa ukuta wa kijiji. Accorso na mkewe wakashuka bondeni, wakalala kwenye zizi la watawa, na kabla ya theluji kuyeyuka Accorso akafa kwa kikohozi.

Pasaka dubu akarudi. Bwana wake akatazama langoni, akamwona dubu bado yupo, maana hapakubaki fundi wa kumfuta, akafurahi, akauliza ni nani huyo mwaminifu aliyemhifadhi, apewe zawadi. Sote tukatazama viatu vyetu. Bellafiore, aliyekuwa amepanda kuuza mayai, ndiye aliyejibu.

"Hakuwa mwaminifu kwako, bwana mkubwa. Alichoka tu."

Akachukua kikapu chake, akaondoka kwa kufuata ukuta, akigusa mawe mapya, moja moja.