Fimbo nne za Mama Neema

Mume wangu ameletewa fimbo nyumbani leo. Nne, tena zimechongwa vizuri!

Tuna wiki tatu tu kwenye ndoa, jamani. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshono.

Mama Neema, mzazi wa mwanafunzi wake wa darasa la nne, kapiga hodi.

"Mwalimu, mwanangu hajui kugawanya. Nasikia wewe huchapi. Chapa tu, nimekuruhusu."

Mume wangu akazipokea. "Asante sana, mama."

Nikazitazama fimbo nikiwa pale mlangoni. Mimi niliyechapwa mpaka nikaichukia hesabu! Na watoto tutakaowazaa je?

Akatoka nazo nje, tukamfuata. Akazichomeka bustanini kwangu, moja kwa kila mche wa nyanya, akaifunga miche kwa kamba taratibu.

Mama Neema akashika kiuno. "Heee! Na Neema?"

"Mlete kesho jioni. Tutagawanya maharage mezani mpaka aelewe."

Mama akacheka. "Haya, asipoelewa naja kung'oa fimbo zangu!"

Jamani, huyu mwanaume! Nampenda mpaka basi.

Kesho na mimi nakaa mezani na Neema. Viboko vyote vile, na kugawanya sijui mpaka leo.

Nani mwingine? Maharage yapo ya kutosha.