Miwani Myeusi ya Baba

Wajukuu wangu husema muziki wa filamu za kijasusi ni kelele. Mimi nikisikia tarumbeta zile, nanusa samaki waliokaushwa kwa moshi.

Jumapili moja tulitoka sinema pale Jinja, baba amevaa miwani myeusi kama jasusi tuliyetoka kumtazama, akipiga mluzi wimbo wa filamu. Tukapitia Masese, soko la samaki wa moshi kando ya ziwa. Mama muuza samaki, aliyezoea kututania, akainamisha kichwa.

“Chukua tu samaki, afande. Mume wangu hayupo.”

Miaka ile ya utawala wa kijeshi, makachero waliokuja kuchukua watu wasionekane tena walivaa miwani kama ile.

Baba akaivua upesi. “Mama, ni mimi!”

Akacheka yule mama, macho yakiwa bado kwenye miwani mkononi mwa baba. Baba akaitupa miwani ziwani. Mluzi wake sikuusikia tena.