Viazi Vilivyonyweshwa Dawa ya Vita

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka kwa pua kuliko kwa macho. Kiazi kikuu kikioza hakina haya. Harufu yake hukufuata mpaka kwenye mkeka wako, na hata ukinawa kwa ndimu bado unaisikia kwenye kucha. Wahenga walisema akiba haiozi. Wahenga nawaheshimu, lakini aliyesema hilo nadhani hakuwahi kulima. Akiba ya mkulima huoza, tena huoza kimyakimya, na wewe unapita juu yake unaimba.

Miye sikusoma. Juzuu mbili chuoni, kisha mwalimu akahama, basi. Haya ninayaandika polepole, herufi moja moja kama mtu anayechambua mchele, kwa hiyo ukiona nimepinda mahali, nyoosha mwenyewe usome. Lakini kwa kuhifadhi mbegu ya kiazi kikuu, kuanzia huku kwetu Mahege mpaka uteremke Salale, hajazaliwa mwanamke wa kunifundisha. Nilifundishwa na bibi yangu mzaa baba, na alinifundisha mwaka wa vita vya maji, nilipokuwa kigoli.

Bibi alikuwa mwembamba, ulimi mkali, mkono laini. Aliniita mke mwenzie, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, na nikikosea kazi alisema atanisemea kwa mume wetu nipewe talaka. Babu mwenyewe alikuwa amekwisha kufa zamani, Mungu amrehemu, lakini mimi nilikuwa naogopa vilevile.

Kila kiangazi, majani ya viazi yakikauka, tulichimba. Vya kula vilikwenda chunguni. Vya mbegu Bibi alivikata vichwa, ile sehemu ya juu iliyoshikana na shina, akapaka majivu pale kisu kilipopita, akavianika kivulini mpaka jeraha lifunge. Kisha akavilaza kwenye mchanga mkavu, kimoja kisiguse kingine, vingoje mvua za vuli. Alikuwa akisema kiazi cha mbegu ni mwali aliyewekwa ndani: haogi, hapigwi jua, hatembelewi ovyo, na siku yake ya kutoka ikifika atatoka. Lakini mwali ana somo wake wa kumtazama, na somo wa viazi alikuwa Bibi. Mara kwa mara alikwenda akavibonyeza kwa kidole gumba, kimoja kimoja, kama unavyobonyeza tumbo la mtoto anayelia. Kilicholegea alikitoa kabla hakijawaambukiza wenzake.

Mwaka ule watu walikuwa wamechoka. Walilimishwa pamba ya Mdachi, huyo mnayemwita Mjerumani, na mashamba yao wenyewe yakaota magugu. Ndipo habari ya maji ikatufikia kutoka Ngarambe: ukinywa na ukanyunyiziwa, risasi ya Mdachi itakupiga iwe maji. Kaka yangu Saidi alikwenda, akanywa, akarudi na kibuyu akatunywesha nyumba nzima. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Usicheke, mwanangu. Mtu aliyefungwa mikono na miguu ukimwambia meno yake yanakata chuma, atauma.

Saidi alipoondoka na wenzake alimwachia mkewe kibuyu kidogo cha yale maji. Alimwambia anyunyizie kitu asichotaka kipotee. Mkewe alikuwa Mwanahawa, wifi yangu, mtoto wa Salale, hana muda mrefu tangu aolewe kwetu. Huko kwao ni mikoko na mpunga. Kiazi kikuu alikuwa amekula, hajawahi kukilaza.

Bibi alikunywa yale maji kama sisi. Akafuta mdomo, akachukua jembe. Alichimba shimo kwenye mwinuko, mbali na nyumba, nyuma ya kichaka cha miiba, akalitandika nyasi kavu na mchanga, akazihamishia humo mbegu zote. Juu akafunika magome na udongo. Mama alimuuliza kwani kule ndani ya nyumba, tulikozoea kuzilaza, kuna nini, na Bibi akamjibu kwamba nyumba na kihenge huonekana na kila apitaye njia.

Askari wa Mdachi walikuja. Sisi tulikuwa tumekwisha kimbilia msituni, na tuliona moshi tu. Tuliporudi kuchungulia hapakuwa na nyumba. Kihenge kilikuwa rundo jeusi, mpunga na mtama wote umo humohumo. Tukarudi msituni tukaishi kama nguruwe, tunakula ndiga. Ndiga ni mzizi wa porini, na usipouloweka kwenye maji yanayopita mpaka sumu itoke, unakula leo unazikwa kesho. Bibi hakutoka kwenda kuvitazama viazi, kwa sababu njia ilikuwa inapitwa na askari na miguu yake haikuweza tena kukimbia. Alimtuma Mwanahawa, kijana mwenye mbio, awe anakwenda kuangalia kama shimo halijafukuliwa na wanyama. Alimwambia aangalie tu, asifunue.

Na Mwanahawa hakufunua.

Askari walipohama upande wetu, Bibi akasema twende. Hatujafika, ile harufu ikatupokea. Bibi alisimama. Kisha akapiga magoti, akaondoa udongo kwa mikono, akaondoa magome. Nyasi chini yake zilikuwa zimelowa tepetepe, na ilikuwa kiangazi, mbingu nyeupe haina hata wingu. Viazi vya chini vilikuwa uji. Vya kati vilikuwa vimeota machipukizi marefu meupe, kama vidole vya mtu anayepapasa gizani. Vya pembeni tu ndivyo vilivyokuwa bado vigumu.

Mwanahawa alisema mwenyewe, hakungoja kuulizwa. Alikuwa akija na kile kibuyu cha Saidi. Dawa ilikuwa haba na viazi vingi, basi akawa anakijaza kijitoni apate kutosha, akimimina juu ya udongo kila alipokuja. Alidhani anafanya vizuri mara mbili, maana kwao mbegu ya mpunga huloweshwa kabla ya kwenda shambani.

Mama alimgeukia. Njaa ilikuwa imemla uso, na mwana wake hajulikani alipo.

"Umetuua," akamwambia. "Askari wameacha, umemalizia weye. Rudi kwenu Salale."

Kurudi Salale siku zile maana yake ni kukatiza njia za askari peke yako, kisha mto, kisha umwombe mtu mtumbwi. Mama alijua. Mwanahawa alijua pia, lakini alianza kujifunga kaniki yake vizuri, tayari kwenda. Akasema kwa sauti ndogo, wala si kwa ubishi: "Nyumba imeungua, mama, na kihenge kimeungua. Hili shimo halikuungua. Nilijua ni dawa."

Nami nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka. Mtoto mwenye njaa hucheka vibaya. Bibi alinitazama. Kisha akamtazama Mama.

"Shimo limepona kwa sababu halikuonekana," akasema. "Hilo hatukumwambia, atalijuaje? Na yale maji, mke wa mwanangu, aliyeyaleta nani? Mwanao. Alitunywesha sote, na weye ukapiga vigelegele, na miye nikanywa. Huyu ameachiwa anyunyizie asichotaka kipotee, hakujipaka hata tone. Ameyamimina yote kwenye chakula chetu. Sasa unamfukuza kwa sababu aliamini uliyoyaamini weye?"

Mama alikaa chini palepale. Alilia kilio kisicho na sauti, na nadhani siku ile ndipo alipoanza kumlilia Saidi. Bibi alimwacha alie kidogo, kisha akamwambia, kwa upole sasa, kwamba kulia kuna wakati wake na kiazi hakingoji. Akataka majivu.

Majivu! Msituni tulikuwa tunawasha moto mdogo tu, tena kwa woga wa moshi. Majivu ya kutosha yalikuwa mahali pamoja, pale nyumba yetu iliposimama. Mama akafuta uso, akamwambia Mwanahawa, "Twende." Si neno la msamaha, lakini walikwenda pamoja mahali pa wazi, mchana, mtu na mkwewe, wakachota majivu ya paa letu na milango yetu na mpunga wetu wakayaleta kwenye ungo. Kuna punje nyeusi zilizobaki nzima humo ndani.

Tulifanya kazi. Kilichooza chote tulikitupa mbali. Kilichooza nusu Bibi alikata mpaka akafika kwenye nyama safi, hata kama iliyobaki ni kipande cha kujaza kiganja, akakizika kwenye majivu. Vile vigumu tulivikausha na kuviweka kwenye tenga la nyasi kavu juu ya tawi lenye kivuli, tena safari hii tulivigawa sehemu mbili, kila sehemu mahali pake. Vilivyoota Bibi aliviweka kando. "Hivi vimekwisha amka," akasema. "Kilichoamka hakirudi kulala. Ukikinyima udongo kitajila chenyewe."

Mvua ilikuwa bado. Pakavu pangeviua. Ikabidi vishuke bondeni, kwenye unyevu wa kijito, na hapo Bibi mwenyewe akasita, kwa sababu udongo wa bondeni huozesha kiazi. Mwanahawa ndiye aliyesema kwao maji ya chumvi hupanda yakashuka, nao huinua udongo juu yake. Akainua matuta marefu ambayo huku kwetu hatukuyazoea, na Bibi akayazunguka, akayakanyaga, akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akamwambia Mwanahawa kumbe amezaliwa jembe mkononi, na mimi nikaambiwa nisipoangalia nitanyang'anywa mume.

Sitakudanganya kwamba yote yalikwenda vizuri. Njaa ilizidi. Zipo siku nilizitazama zile mbegu kwenye tenga nikawa nazionja kwa macho, na Mama alikuwa akikaa kuzipa mgongo makusudi. Nguruwe waliingia bondeni wakala sehemu yao. Bibi hakuiona mvua ya pili. Aliondoka taratibu, kama alivyoishi, ameshika mkono wangu. Saidi hakurudi. Hatukupata kaburi lake, na kila Ijumaa Mama alimsomea Fatiha akielekea tu kule alikokwenda.

Lakini vya bondeni, vile vilivyoamshwa kabla ya wakati, vilitangulia kuiva, na ndivyo vilivyotushika mkono tukavuka. Kwetu kuna desturi: mama mkwe akitaka kusema huyu sasa ni wa nyumba hii, hasemi, humkabidhi mbegu. Siku tuliyochimba, Mama alikata kichwa cha kiazi cha kwanza. Sote tulidhani atakipeleka kwenye majivu. Akakiweka kwenye kiganja cha Mwanahawa, akavikunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja. Mwanahawa alikuwa mjane wakati ule, na wazee wake walikuwa wamekwisha leta habari kwamba wanamngoja. Hakwenda. Ninyi wengi mnaosoma haya mmetoka kwenye mikono ile, kwa wana aliowazaa baadaye na mume aliyeolewa naye humuhumu Mahege, Mama akiwa ndiye aliyemsimamia harusi.

Sasa sikia, mwanangu, maana sitasema mara mbili. Pumzi yangu ni ya mtu mzima. Mbegu ukiilaza, ilaze pakavu, uiache ilale, lakini usiisahau. Nenda uibonyeze. Usiiweke yote mahali pamoja. Na unayempa kazi ya kulinda mwambie analinda nini na kwa sababu gani, kwa kuwa mapenzi bila maarifa humwagilia pasipotaka maji. Hilo ni la shambani. La nyumbani ni hili: mtu akiharibu kwa kutaka kuponya, kata palipooza, paka majivu, umrudishe kwenye kazi. Tazama kwanza aliyemfundisha yale aliyoyaamini, huenda ukajikuta mwenyewe. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi; dole hupona, lakini neno "rudi kwenu" nimeliona likivunja nyumba ambazo askari hawakuzichoma.

Mwenyezi Mungu akupe kiangazi kikavu na vuli ya wakati wake. Akupe mkwe wa kukukunjia vidole, na mzee wa kukukanya mapema. Na siku ya njaa, kwa kuwa siku ya njaa ipo, akukute hukuila mbegu, wala hukumfukuza wa kuipanda nawe. Amina.