Mpira Niliutoa Mwenyewe, Lawama Anabeba Nesi

Admin, kabla hujaibandika hii, futa jina langu na picha yangu. Na ninyi mtakaosoma, nawaomba yaishie hapahapa, maana ofisini kwetu wengi wanafuata ukurasa huu.

Nina miaka 26, ni karani wa masjala kwenye ofisi moja ya serikali mkoani Singida. Miezi mitano iliyopita nikitoka Ilongero, bodaboda niliyopanda iligongwa na lori la alizeti. Nyonga ilivunjika, mfupa ukachana kibofu cha mkojo. Nilipasuliwa, kikashonwa. Daktari akaniwekea mpira wa mkojo na mfuko wake, akaonya usitolewe mpaka nirudi nipigwe picha aone kama mshono umeshika. Nyumbani, nesi wa zahanati akawa anakuja kila asubuhi kunihudumia.

Wiki ya pili wazazi wa mchumba wangu wakatuma taarifa kwamba wanaleta posa. Kwetu binti lazima atoke awaamkie wazee mmoja mmoja. Mama alitaka tuahirishe. Shangazi akacheka, akasema, "Utawaamkia na hicho kimfuko kinaning'inia kama kidumu cha mafuta? Watasema wameuziwa mgonjwa."

Kabla hawajafika nilijifungia chumbani, nikautoa mpira mwenyewe. Nikatoka na magongo yangu, nikaamkia wote. Posa ikapokelewa.

Siku chache baadaye mkojo ukaanza kupita ukeni, siwezi kuuzuia. Hospitali wakasema kuna tundu kati ya kibofu na uke, nisubiri miezi ndipo nipasuliwe tena. Daktari akauliza nani aliutoa mpira mapema vile.

"Nesi," nikasema.

Sijui kwa nini. Shangazi alikuwa amekaa pembeni yangu.

Wiki iliyopita barua ya hospitali imefika ofisini kwetu, maana ndiko wanakosimamiwa watumishi wa zahanati, inataka nesi yule ajieleze na achukuliwe hatua. Barua zote nafungua mimi. Hii sijaisajili, nimeifungia kwenye droo. Juzi nesi mwenyewe akaja dirishani kwangu kuulizia faili lake la kupandishwa daraja. Nikamwamkia nikiangalia chini.

"Marahaba mwanangu. Bado unavuja? Mimi nakuombea kila siku."

Nikisema ukweli, kazi itaota mbawa kwa kuficha barua, na wakwe watajua kila kitu. Mchumba wangu anadhani ninachosubiri ni nyonga tu. Nikinyamaza, mama wa watu ataharibikiwa kwa sababu yangu. Nilale mezani kwa daktari yuleyule nikiwa bado nimemdanganya? Ningekuwa ndugu yenu, mngeniambia nianze na nani?

Msinitumie ujumbe wa faragha, simu yangu mchumba huishika. Jibuni hapa chini, mkianza na neno "Karani", nitajua ni langu. Msitaje zahanati yoyote. Nitasoma mpaka Alhamisi jioni tu. Jumatatu nalazwa kwa upasuaji, na Ijumaa lazima nimkabidhi mwenzangu funguo za droo.