Jina Kwenye Ukurasa wa Pili

Baba alianza kukohoa kabla ya mafuriko. Mimi, ambaye kazi yangu iko kituo cha afya, nilimwamini aliposema ni vumbi la kupeta mpunga.

Wakati huo aliishi kijijini kwake, akilima kwenye ardhi ile ambayo mto Tana huifunika kila unapojaa. Mara kwa mara alikwenda Hola, akisema anamtembelea binamu yake mwenye shamba la umwagiliaji. Sikumdadisi. Mama alikuwa ametutoka, na nilifurahi kwamba mzee ana mtu wa kuzungumza naye. Kisha mto ukavunja kingo. Mahindi yakaenda, migomba ikaenda, barabara ya Hola ikakatika, na baba akatolewa kwa boti akiwa na mfuko mmoja wa nguo. Simu yake ilizama. Nikamchukua akae nami Garsen. Mume wangu anafanya kazi Malindi, huja mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: mimi, baba, na binti yangu aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Nikienda kazini, baba ndiye aliyebaki na mtoto. Mchana walilala pamoja, mtoto kifuani pa babu yake.

Mimi ni karani wa kumbukumbu za wagonjwa. Watu hudhani kompyuta yangu imejaa majalada, lakini ile ni mlango tu. Majalada yenyewe yako kwenye seva, kompyuta kuu iliyoko Nairobi, ya vituo vyote pamoja. Ukiuliza jambo dogo, jibu huja papo hapo. Ukiuliza jambo kubwa, seva hutafuta kwa muda mrefu, na mtandao wetu hauna subira hiyo. Ulikuwa ukikatika katikati nami naanza upya, mara tatu, mara nne kwa siku. Mpaka fundi mmoja akanipigia simu, akanifundisha njia nyingine. Tuma swali lako, akasema, seva itakupa namba. Iandike, kisha funga mashine uende zako. Kazi inaendelea kule hata kama huku umeme hakuna. Ukirudi, ingiza namba ile, na kama jibu liko tayari utapewa, ukurasa kwa ukurasa.

Baada ya mafuriko, muuguzi wa kitengo cha TB aliniomba orodha ya wagonjwa wa kaunti nzima walioacha dawa katikati. Wengi walikuwa wametawanyika kwenye kambi za waliokimbia maji, na alitaka kuwatafuta kabla hawajaambukiza wengine. Nikatuma swali asubuhi, nikaandika namba kwenye kiganja, halafu kwenye daftari. Adhuhuri mtandao ukakatika. Haukurudi kwa siku kumi na moja.

Uliporudi niliingiza namba. Kwenye skrini yakatokea maneno kwamba kazi ilikamilika, na chini yake siku na saa: ilikuwa ni siku ileile niliyotuma, kabla hata sijala chakula cha mchana. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Wengi walikuwa wa Bura, wengine Tarasaa, bwana mmoja mfugaji wa Chewele. Nikaomba wa pili. Ulifika nusu, mtandao ukayumba, nikaendeleza pale ulipokomea.

Mstari wa nne ulikuwa jina la baba.

Nilidhani ni mtu mwingine, maana majina yetu huku yanarudiarudia. Lakini yalikuwa majina yake yote matatu, kijiji chake, na namba ya simu ile iliyozama. Alisajiliwa kituo kimoja cha Hola. Alikuwa amechukua dawa kwa wiki tano, kisha hakuonekana tena. Sikulia. Nilikuwa nahesabu zile siku kumi na moja, kila mchana mtoto kifuani pake, na jibu limekaa Nairobi likiningoja.

Nikampelekea muuguzi orodha nzima, nikaweka kidole kwenye mstari ule. Yeye ananijua miaka mingi. Alisoma, akavua miwani.

"Huyu niachie mimi," alisema. "Wewe hapa si karani, ni mtoto wake."

Lakini mguu haukukubali kubaki. Nikaenda nyumbani. Baba alikuwa kibarazani akimlisha mtoto uji. Nilimchukua mtoto mikononi mwake kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, na usoni mwake nikaona kwamba ameshajua.

"Baba, dawa za Hola uliziacha lini?"

Alifuta kijiko kwenye shuka yake.

"Nilikwenda Hola ili wewe usilione jalada langu," alisema. "Kwani Hola na Garsen ni daftari moja?"

"Ni moja, baba."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa mto umebadilisha njia. Akaeleza kwamba dawa zilimalizika maji yakiwa juu na barabara hakuna, na alipofika kwangu kikohozi kilikuwa kimepungua, akadhani amepona. Aliona haya kuniambia. Alisema mama alipougua nilimwuguza peke yangu, na hakutaka kunitwika mara ya pili. Nilimjibu kwa ukali ambao sijawahi kumtolea mzazi, mbele ya jirani anayeanika nguo. Baadaye niliomba radhi. Alisema hakukuwa na kosa.

Alasiri hiyo muuguzi alimpima makohozi, na vijidudu vilikuwepo. Baba akaanza dawa upya, miezi sita, akimeza mbele ya muuguzi. Mtoto alipigwa picha ya kifua. Wiki ile ya kungoja majibu sikumbuki nilikula nini. Mtoto hakuwa na ugonjwa. Alipewa dawa za kinga, akawa anazitema na mimi nazirudisha kwa kijiko. Jirani akakubali kukaa naye mchana. Baba akahamia chumba cha nje, akijitenga mwenyewe bila kuambiwa, na kwa wiki kadhaa alimsalimia mjukuu wake kupitia dirisha.

Alipona. Msimu wa kulima ulipofika alirudi kijijini kupanda upya, na hakukubali nimsindikize.

Wengine wa orodha ile tuliwatafuta mmoja mmoja. Bwana wa Chewele alipatikana kwa simu ya shemeji yake, akarudi kwenye dawa. Watatu hatukuwapata kabisa. Muuguzi bado anawaulizia kwa kila anayetoka upande wao, na mimi hutazama mlangoni kila anapoingia mtu anayekohoa.